Kaboni Mkononi: Mtazamo wa Kwanza wa Fremu ya X500 V2

Jamani, hizi reli! Najua mapitio ya kistaarabu huanza na boksi, kisha bei, kisha shukrani kwa aliyeleta mzigo, lakini mimi nimeshindwa kusubiri. Chini ya tumbo la fremu ya droni ya X500 V2, inayotengenezwa na Holybro, kuna fito mbili za kaboni zilizolala sambamba kutoka mbele kwenda nyuma. Kila ufito una kipenyo cha milimita 10 na urefu wa milimita 250. Vishikizo vyenye pete za raba vimezikumbatia, na kibao cha betri kinaning'inia kwenye vishikizo hivyo. Ukikisukuma kwa nguvu kidogo, kibao kizima kinateleza. Mbele. Nyuma. Mbele tena. Nimekaa nikikisogeza kwa muda ambao mtu mzima hapaswi kuutaja hadharani.

Kelele zote hizi kwa ajili ya vijiti viwili? Ndiyo! Wewe na mimi hatutafuti droni ya mashindano. Tunataka kamera iende juu, itulie, ituonyeshe shamba, ufukwe, mtumbwi unaorudi na samaki. Kamera ina uzito, na uzito huo lazima ukae mbele, la sivyo propela zitajipenyeza katika kila picha. Ukishaining'iniza mbele, pua ya droni inataka kuinama. Mota mbili za mbele zinalazimika kufanya kazi zaidi kuliko zile za nyuma, zinapata joto, zinakula betri, na upepo ukija hazina tena akiba ya nguvu ya kujitetea. Dawa yake ni kurudisha betri nyuma mpaka kitovu cha uzito kirudi katikati ya fremu. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo anaijua fizikia hii vizuri: kabla hajaondoka hupanga na kupangua magunia mpaka mzigo ukae sawa juu ya ekseli, ili mikono yake ibaki na kazi ya kuongoza tu. Reli za X500 zinakuruhusu kufanya vivyo hivyo kila unapobadilisha kamera, bila kutoboa tundu hata moja.

Anayeanza kupiga picha za angani karibu kila mara huuliza fremu ipi ni imara, au ipi inapendeza, au ipi ina mikono mingi. Mimi ningemrudishia swali: utabeba kamera gani, na itakaa wapi? Akijibu hilo, ukubwa wa fremu unajulikana, propela zinajulikana, mota na betri nazo zinafuata foleni. Akianzia upande wa pili, atanunua fremu nzuri kisha agundue kwamba kamera haina pa kukaa.

Kabla hatujaendelea, kuna mtu amenyoosha mkono na kuuliza kwa nini asinunue tu droni iliyokamilika. Swali zuri. Kama una kazi ya harusi Jumamosi na mteja ameshatoa kianzio, usijenge chochote. Nunua au kodi droni iliyokamilika. Zile ndogo za DJI za familia ya Mini zina uzito wa chini ya gramu 250, zinakunjwa, zina gimbali (kishikizo chenye mota kinachoituliza kamera) ya mihimili mitatu, na zitakupa picha bora kuliko utakayoipata kwenye fremu yako ya kwanza. Nasema hivyo huku bisibisi ikiwa mkononi. Lakini siku mkono wa droni ile utakapovunjika, utaanza kutafuta fundi, na fundi ataanza kutafuta kipuri. Droni ya fremu haina siri: mkono umevunjika, fungua skrubu chache, weka mkono mwingine. Umepata kamera nyingine? Ning'iniza. Mota imeungua? Chomoa, chomeka. Na ukishaijenga kwa mikono yako, ukisikia sauti imebadilika hewani unajua ni mota ipi inayolalamika. Hicho ndicho ninachokipenda mpaka nakosa usingizi.

Sasa vipimo, na hapa naomba uvumilivu, maana ndipo utamu ulipo.

Namba iliyo kwenye jina la fremu, iwe 450, 500 au 650, kwa kawaida ni milimita kutoka mota ya kona moja hadi mota ya kona inayoikabili. Usidhani ni upana wa droni. Kwa fremu ya mikono minne iliyo sawa, igawe namba hiyo kwa 1.414 na utapata umbali kati ya mota mbili zilizo jirani. Fremu ya 450 inakupa milimita 318. Propela ya inchi 10 ina urefu wa milimita 254, kwa hiyo kati ya ncha na ncha inabaki nafasi ya milimita 64. Propela ya inchi 11 bado inakaa vizuri. Ya inchi 12 inabakiza milimita 13 tu, na hapo mimi sisimami karibu. X500, yenye milimita 500 kamili, inakupa milimita 354 kati ya jirani na jirani, kwa hiyo hata inchi 12 inaingia na kubakiza milimita 49.

Kwa nini tushughulike na inchi? Kwa sababu propela kubwa inayozunguka taratibu huinua mzigo uleule kwa umeme mdogo kuliko propela ndogo inayozunguka kwa fujo. Inasukuma hewa nyingi polepole badala ya hewa kidogo kwa kasi. Kwa mpiga picha, hiyo maana yake ni dakika zaidi angani na kelele kidogo. Ila usikimbilie kufunga inchi 12 leoleo! Mota zinazokuja na seti ya X500 V2 ni za 2216, yaani kiini chenye upana wa milimita 22 na kimo cha milimita 16, na kasi yake ni 920 KV: kila volti moja huizungusha mota mara 920 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Kwa betri ya seli nne ya volti 14.8 hiyo ni zaidi ya mizunguko 13,600. Mota yenye haraka kiasi hicho imepangiwa propela ya inchi 10, zile zinazoandikwa 1045. Ukiipa propela kubwa zaidi itavuta umeme mwingi hadi kidhibiti kasi kianze kunuka. Anayetaka inchi 12 abadilishe na mota pia, achukue yenye KV ndogo. Nafasi ipo, fremu inakusubiri ukue.

Huwezi kuzungumzia fremu za wanaoanza bila kumwamkia mzee. Shikamoo, F450! DJI Flame Wheel F450 ndiyo fremu iliyofundisha kizazi kizima kuruka, na nakala zake zimejaa kila kona ya soko la mtandaoni. Mikono yake ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Inapinda kidogo kabla ya kuvunjika, na ikivunjika inanunuliwa mmoja mmoja kwa bei isiyoumiza. Sahani yake ya chini ni bodi ya umeme: unalehemu nyaya za betri na za vidhibiti kasi moja kwa moja juu yake, na umeme unagawanyika wenyewe bila msitu wa nyaya. Hata rangi zake zina akili. Mikono miwili unaweka nyekundu, miwili nyeupe, na ukiitazama kutoka mbali unajua mbele ni wapi. Kwa mtu anayejifunza, kujua mbele ni wapi ndiyo tofauti kati ya kurudi nyumbani na droni na kurudi na mfuko wa vipande.

Tatizo la mzee ni kwamba hakuzaliwa kubeba kamera yenye gimbali. Chukua kalamu. Fremu yenyewe gramu 282. Mota nne, kama 220. Vidhibiti kasi na nyaya, 120. Betri ya seli tatu ya mAh 5,000, karibu 400. Flaiti kontrola na GPS, 100. Miguu mirefu ili kamera isiguse chini, 100 nyingine. Gimbali ndogo, 200. Kamera ya jamii ya GoPro, 154. Jumla ni gramu 1,576. DJI wenyewe waliiandikia F450 uzito wa kuruka kuanzia gramu 800 hadi 1,600! Umefika dari kabla hujaongeza kifaa cha kurusha picha hadi kwenye skrini yako. Itapaa, ndiyo, nimeona nyingi zinazopaa hivyo. Lakini inapaa imekunja uso, na siku ya upepo haina la ziada la kukupa.

Ndiyo maana X500 V2 imenipandisha mapigo ya moyo. Fremu yake inatajwa kuwa na gramu 610, na mtu wa haraka atasema hiyo ni zaidi ya mara mbili ya F450. Subiri! Ndani ya hizo 610 umepata miguu ya kutua, umepata reli, umepata kibao cha betri na jukwaa la juu la kuwekea GPS. Kisha mtengenezaji anataja mzigo wa hadi gramu 1,500, betri ikiwa imewekwa kando, mota zikiwa kwenye asilimia 70 ya nguvu zake. Betri na mzigo si kitu kimoja, kwa hiyo soma mstari huo mara mbili. Gimbali na kamera yetu ni gramu 354. Tumetumia chini ya robo! Akiba hiyo ndiyo inayokutuliza picha wakati upepo unapofanya vituko.

Kuijenga? Nimekuwa nikicheka peke yangu. Seti niliyoipata ina mota zilizokwisha kufungwa kwenye mikono, na mikono yenyewe ni mabomba ya kaboni yenye kipenyo cha milimita 16. Mwili ni sahani mbili za kaboni za milimita 144 kwa 144, unene milimita 2. Ukigonga sahani kwa kucha inatoa mlio mkavu, mfupi, na ukijaribu kuikunja unajisumbua bure. Bodi ya kugawa umeme ina soketi za XT30 kwa vidhibiti kasi na plagi ya XT60 kwa betri. Hakuna kulehemu! Kwa mtu ambaye hajawahi kushika chuma cha kulehemu, hii peke yake inaondoa nusu ya woga. Zana ndogo za kufungia zimo ndani ya boksi. Unachopaswa kuongeza ni gundi ya skrubu, ile ya bluu inayofunguka, tone dogo kila chuma kinapoingia kwenye chuma. Kwenye plastiki usiipake, kwa sababu baadhi ya plastiki huliwa nayo.

Na tafadhali, kabla ya kufunga sahani ya juu, pitisha nyaya zote mbali na kingo za kaboni. Kingo zile zinakata. Mtikisiko wa saa chache unatosha kuchubua ngozi ya waya, na kaboni inapitisha umeme. Ukiamua kukata au kutoboa kaboni, lowesha kwa maji na uvae barakoa. Vumbi lake si la kuvuta.

Ubongo, yaani flaiti kontrola, niliouweka ni Pixhawk, mradi ulioanzia kwa wanafunzi wa chuo cha ETH Zürich, Uswisi, na ambao leo programu zake kubwa mbili, PX4 na ArduPilot, ni huria: unazipakua bure na hakuna anayekufungia kitufe. X500 imeumbwa kwa ajili ya familia hiyo, na matundu yanalingana. Unaunganisha na kompyuta, unaizungusha fremu kila upande ili vihisi vijitambue, unaangalia mota inazunguka upande upi. Propela hazijafungwa bado! Naliandika hili kwa sauti kubwa: propela ni kitu cha mwisho kabisa kufungwa.

Halafu ikapaa.

Nilichagua uwanja mtupu asubuhi, kabla upepo wa pwani haujaamka, bila kamera. Mara ya kwanza usipandishe kamera. Pandisha chupa ndogo ya mchanga yenye uzito uleule ukitaka, lakini kamera ibaki begini. Niliinua kijiti cha rimoti, mota zikabadilisha sauti, miguu ikaacha nyasi, na droni ikasimama hewani kwenye kimo cha kifua. Nikaachia vijiti vyote viwili. Ikabaki palepale! GPS inaishika, kipima hewa kinashika kimo, na wewe unabaki umesimama mdomo wazi. Nikaisukuma mbele kidogo, ikaenda na kusimama bila kubembea. Nikaizungusha polepole, ikazunguka. Mikono ile ya kaboni haitikisiki, na unalisikia hilo hata kwa masikio: mlio mmoja uliotulia, bila yale mawimbi ya sauti yanayoashiria mkono unaocheza.

Ugumu huo wa mikono una faida ambayo mpiga picha ataiona kwenye skrini. Kamera nyingi ndogo husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Mota ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya mitikisiko 80 kwa sekunde. Kila mtikisiko unaisogeza kamera wakati picha haijamaliza kusomwa, na mistari iliyonyooka inaanza kupinda na kuchezacheza: nguzo za umeme zinakata viuno, kingo za paa zinatetema. Hakuna programu itakayoliondoa hilo vizuri baadaye. Unalimaliza mwanzoni. Sawazisha kila propela kwenye kipimo chake, ukibandika kipande cha selotepu upande mwepesi mpaka ilale sawa. Weka raba laini kati ya gimbali na fremu. Kagua propela baada ya kila kutua kwa vishindo, maana ufa usioonekana kwa macho unaonekana kwenye video.

Jambo lingine ambalo halihusu fremu lakini siwezi kulimeza: mwanga wetu. Jua la saa sita pwani, kamera yenye tundu la f/2.8 na wepesi wa ISO 100 italazimika kufunga shata kwa 1/3200 ya sekunde. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde tunataka 1/50. Gawanya, unapata 64. Basi nunua kichujio cha kupunguza mwanga cha ND64, ufunge mbele ya lenzi, na mwendo kwenye video utalainika na kuacha kudonoadonoa. Ukitumia gimbali, zima pia ule utulivu wa ndani wa kamera. Wawili wakiongoza chombo kimoja kitaenda mrama.

Sasa niseme ya upande wa pili, maana shauku bila macho ni hasara. X500 V2 imetengenezwa kwanza kwa ajili ya watu wa maabara na waandika programu. Seti ina kishikizo cha kamera ya kupimia kina, kitu ambacho mpiga picha wa harusi hatakihitaji kamwe, na haina hata skrubu moja iliyokusudiwa gimbali. Utatafuta kishikizo kinachokamata fito za milimita 10, au utakichapisha kwa printa ya 3D. Miguu yake imesimama tu, haikunjiki juu, kwa hiyo usitarajie kuizungusha kamera duara zima. Itazame mbele, na ukitaka kutazama kushoto geuza droni yote. Fremu yote ni nyeusi tititi! Mita 40 juu, jua likiwa usoni, hujui mbele ni wapi. Nimefunga utepe wa machungwa kwenye mikono ya nyuma, na nilifanya hivyo kabla hata ya kuweka betri. Kisha kaboni huzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo antena za rimoti na za video zitoke nje ya sahani, zielekee chini au pembeni, zisilale juu ya kaboni.

Kuna swali la propela kuingia kwenye picha. Kwa mpangilio wa herufi X, mikono miwili ya mbele imekaa kushoto na kulia kwa lenzi, na ukienda mbele kwa kasi droni inainama na ncha zinachungulia juu ya picha. Reli ndefu zinasaidia kwa sababu zinaitanguliza kamera. Waliolitatua kabisa ni Team BlackSheep na fremu yao ya Discovery. Walichukua mikono ya F450, wakaifunga kwenye sahani ndefu, ile ya mbele ikapanuliwa pembeni zaidi ili kamera ione njia tupu. Wazo tamu sana, na hadi leo nikiiona napiga mluzi. Ila ni fremu ya anayeruka kwa miwani ya video na kupenda mwendo, na mkononi mwa anayeanza mwendo si rafiki.

Mikono sita je? Kila mtu anaitaka, kwa hoja kwamba mota moja ikizimika bado una tano. Ni kweli kwamba droni ya mikono minne ikipoteza mota moja inaanguka, na ya mikono sita, kama si nzito na programu yake imejiandaa, inaweza kushuka huku ikizungukazunguka. Lakini tazama F550, dada yake F450. Milimita 550 kutoka kona hadi kona, na kwa mikono sita jirani yako yuko nusu ya hapo: milimita 275. Propela ya inchi 10 inaacha milimita 21. Umenunua mota mbili zaidi, vidhibiti viwili zaidi, uzito zaidi, na bado huwezi kuongeza inchi. Kwa kamera ndogo, sipokei. Tarot 650 ni hadithi nyingine. Kaboni, mikono inayokunjwa, nafasi ya propela za inchi 15, mahali pa kufunga miguu inayopanda juu. Ikifika siku ya kubeba kamera kubwa yenye lenzi ya kubadilishwa, nitakuja kupiga kelele hapa upya. Kwa anayeanza ni gharama kubwa mno kuiangusha.

Kuhusu muda wa kuruka, Holybro wanataja kama dakika 18 za kusimama hewani kwa betri ya mAh 5,000, bila mzigo. Usiuze kazi kwa namba hiyo. Nguvu inayohitajika hupanda haraka kuliko uzito: ukiongeza uzito kwa asilimia 20, matumizi ya umeme yanapanda kwa takribani asilimia 31, na zile 18 zinashuka chini ya 14. Toa akiba ya kutua, toa upepo, na upange kila picha kwa dakika 10. Kwa watu wa pwani, msimu wa kusi unakula hata hizo, kwa hiyo alfajiri ndiyo rafiki yako, mwanga wake mzuri na hewa yake imelala. Betri ya seli nne ya mAh 5,000 ina Wh 74, chini ya kikomo cha Wh 100 ambacho mashirika mengi ya ndege hukubali. Ingia nayo ndani kwenye begi la mkononi, kamwe isiende kwenye mizigo ya chini. Na ukitoka ufukweni, futa chumvi. Kaboni haishiki kutu, lakini skrubu na beringi za mota zinashika.

Kibali nakitaja kwa ufupi, ila usikipuuze. Kenya ina kanuni zake za droni za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka yake ya usafiri wa anga, Tanzania ni TCAA, na kuijenga mwenyewe hakukutoi kwenye usajili. Ongea nao kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kukwama forodhani. Pima uzito wa droni yako ikiwa kamili, betri na kamera ndani, na uhifadhi risiti za sehemu zote, maana ya kwanza utakayoulizwa ni hayo. Hifadhi za wanyama usiruke bila ruhusa ya maandishi.

Basi ni ipi? Kama mfuko umebana na unajua fika kwamba mwezi wa kwanza utaangukaanguka, chukua nakala ya F450, uifunge kamera ndogo bila gimbali kwenye raba, na ujifunze kutua. Hutajuta. Lakini kama unaweza kuvuta pumzi, kusubiri na kuweka akiba kidogo, ruka hatua hiyo. Nenda X500 V2 moja kwa moja, urushe miezi ya mwanzo bila kamera kabisa, kisha ongeza kamera tupu, kisha gimbali, ukisogeza betri nyuma kila hatua. Fremu ile ile, reli zile zile!

Ukiagiza, agiza mkono mmoja wa akiba na propela nyingi kuliko unavyodhani unahitaji. Ila hesabu vizuri mwelekeo: mbili huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa na mbili kinyume chake, na zinatofautiana kwa umbo. Kuna duka lililoniletea pakiti nzima ya upande mmoja. Ukifunga hizo zote nne, droni haipai. Inajipindua pale pale chini na kuzikata nyasi za jirani. Kagua pakiti mbele ya mleta mzigo, kabla hajawasha pikipiki.